Ini Halina Siri

Alhamisi, kabla mlango haujafunguliwa,
meneja alileta karatasi yenye tarehe na namba za pakiti,
akasema: Wakesho, toa zote.
Nikatoa zote.
Paja la nguruwe, bata mzinga aliyepakwa asali,
ulimi wa ng'ombe uliogandishwa kwenye jeli,
na zile nyama za duara zisizofanana na mnyama yeyote.
Kilo thelathini na mbili. Nilizipima kwanza, ndiyo kanuni,
hata takataka hapa huondoka na risiti.

Nikafungua mashine, kisu chake cha mviringo
nikakisugua kama asuguaye sufuria ya mama mkwe.
Nyuma yake, penye upenyo mwembamba kuliko ukucha,
nilikuta mafuta ya tangu lini, sijui.
Doreen akasema mdudu huyu haogopi friji.
Wenzake baridi huwalaza,
yeye huzaliana humo humo, taratibu, hana papara.
Nikacheka peke yangu.
Miaka kumi na mmoja naambiwa
Bolton kuna baridi, lakini baridi ni usafi.

Baba alikuwa na bucha Mwatate.
Mkaguzi alifika alfajiri na buti na muhuri wa wino wa zambarau,
na kabla hajagusa paja wala ubavu
alisema: nionyeshe ini.
Akalipasua, akalikunjua kama asomaye barua ya mtu mwingine,
akitafuta minyoo, madoa, usaha.
Ng'ombe aweza kukuhadaa kwa nundu na manyoya yanayong'aa.
Ini halina siri.
Likifaulu, muhuri ulipigwa,
na ini lenyewe, sura imeshaharibiwa na kisu,
likawa letu: makaa, chumvi, ndimu,
kidevu kinang'aa mafuta
kabla ya shule, kabla hata ya chai.

Saa nne akaja Bwana Entwistle na mfuko wake wa kitambaa.
Gramu mia, nyembamba kiasi cha kusomea gazeti.
Nikamwambia leo hakuna.
Akaitazama kaunta tupu
kama aliyefika harusini viti vikipakiwa kwenye lori.
Mkewe alifariki mwezi wa pili.
Sasa nile nini? akauliza.
Nikainama, meneja asisikie:
nenda sokoni, ulizia ini la kondoo.
Uso ukamfunguka.
Kwa vitunguu, akasema.
Kwa vitunguu, nikasema.
Doreen akakunja pua.

Jioni na mimi nikapita huko. Bei ya kuonea haya.
Muuzaji akauliza mbwa wangu ni wa aina gani.
Mkubwa, nikamjibu, tena mlafi.

Nililiosha, nikalivua ule utando,
nikalikata vipande vya kidole.
Kitunguu kwanza, hadi kiwe rangi ya chai ya maziwa,
pilipili manga, kitunguu saumu, kisha lenyewe.
Hapo huendi kupokea simu.
Ukiharakisha, katikati bado damu,
ukichelewa, unatafuna ndala.
Nikapasua kipande kimoja, nikakikagua chini ya taa
kwa jicho la yule bwana wa buti.
Kimefaulu. Nikakosa tu muhuri.

Mghoi, binti yangu, akasimama mlangoni, mimba ya miezi sita,
pua imetangulia mwili.
Mkunga naye alimpa karatasi yake:
nyama za kaunta, asile.
Ini, asile, lina nguvu kuliko mtoto wa tumboni awezavyo.
Mama, akasema, leo umenikata maini.

Sikuwa na jibu la maana.
Nilimwambia asubiri, kwetu mzazi hurudishiwa damu kwa ini,
siku akitoka hospitali sufuria itakuwa motoni,
na hilo la kwanza nitamlisha kwa mkono wangu.
Akasema niape.
Nikaapa, mdomo umejaa,
nimempa mgongo kwa heshima,
nikifuta sahani kwa kipande cha mkate.